Nembo ya shirika la hisani la dini: isafishwe, ziwe mbili, au libadilishwe hata jina?

Kamati nyingi za mashirika ya hisani ya makanisa na misikiti hufika kwenye suala la nembo kwa njia ileile. Mfadhili ameomba nembo safi ya kuweka kwenye bango la mradi. Katibu anaitafuta kwenye kompyuta, anapata picha iliyokatwa kutoka kwenye barua ya zamani, akiikuza inakuwa ukungu. Hapo ndipo wote wanapoona kwamba ile ngao yenye msalaba, Biblia iliyofunuliwa, njiwa, ramani ya nchi, masuke mawili na maneno ya Kilatini imekuwa haisomeki miaka yote. Kuanzia hapo mambo yanakimbia. Kijana mmoja anaijua programu ya kuchora, wazee wanasisitiza msalaba usiguswe, mhasibu anauliza gharama, na kazi inakabidhiwa kwa mchoraji kabla mtu hajauliza shirika linataka kubadilisha kitu gani hasa.

Kwa jinsi ninavyoiona kazi hii, njia za kuchagua ni nne. Ya kwanza ni kuisafisha nembo iliyopo. Ya pili ni kuwa na alama mbili, moja ya ibada na nyingine ya huduma. Ya tatu ni kuiondoa alama ya dini na kuweka alama ya kazi mnayoifanya. Ya nne ni kubadilisha hata jina. Nazilinganisha kwa kipimo kimoja: mtu anayebisha hodi kutafuta msaada ataelewa nini akiiona alama hiyo, na je, atakachokikuta ndani kitalingana na alichokielewa? Mfadhili naye ana uzito wake, ila yeye husoma ripoti, hutembelea mradi na huuliza maswali kwa barua pepe. Mama aliyeelekezwa na balozi wa nyumba kumi anaiona alama mlangoni tu, na papo hapo anaamua aingie au arudi.

Kuisafisha nembo iliyopo

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mashirika mengi madogo na ya kati, na sababu yake kubwa ni kwamba watu tayari wanaijua nembo yenu hata kama hawawezi kuisoma. Mtaani hawasemi "wale wa ngao yenye njiwa". Wanasema "wale wa msalaba wa bluu". Kile wanachokitaja ndicho cha kubaki. Vingine vyote viko mezani kwa majadiliano.

Kusafisha maana yake ni kuchagua kitu kimoja au viwili katika vile saba, kuvichora upya kwa mistari minene, kuitoa kaulimbiu nje ya mduara, kupunguza rangi zibaki mbili, na kuandika jina kwa herufi zinazosomeka. Ramani ya nchi huwa ya kwanza kuondoka. Ikipunguzwa inakuwa doa, na kama mna kazi hata mpakani tu, inasema jambo lisilo kweli.

Jaribio la kwanza ni muhuri. Chukueni nembo mpya, itengenezeeni muhuri wa kawaida wa wino wenye kipenyo cha sentimita tatu na nusu hivi, kisha mgongeni kwenye barua mara kumi, wino ukiwa mwingi na ukiwa umekaukia. Halafu barua hiyo ikapigwe fotokopi, na fotokopi ipigwe fotokopi. Barua za kumtambulisha mgonjwa hospitalini, fomu za watoto wa kufadhiliwa, orodha za waliopokea chakula, zote hupita safari hiyo. Nembo ya zamani huishia kuwa duara jeusi lenye kitu katikati, na ofisa wa kata anakuwa na haki ya kuuliza barua imetoka wapi. Nembo iliyosafishwa vizuri inabaki kutambulika kwenye fotokopi ya tatu. Ikifaulu hapo, hata kile kiduara kidogo cha picha ya WhatsApp hakitaisumbua.

Nembo yenye vitu vingi si lazima iwe mbovu, mradi kila kitu kina sababu na vyote vinakaa ndani ya umbo moja. Muhuri wa Martin Luther una msalaba mweusi, moyo mwekundu, waridi jeupe, uwanja wa bluu ya mbingu na pete ya dhahabu, na katika barua yake kwa Lazarus Spengler ya Julai 8, 1530 alieleza kimoja kimoja kina maana gani. Walutheri duniani kote bado wanautumia, na mtoto wa shule ya Jumapili anaweza kuuchora. Wanachama wa Caritas, mtandao wa mashirika ya misaada ya Kanisa Katoliki, ambao ni zaidi ya 160 duniani, wengi wao wana msalaba wenye miali inayotoka kila upande. Hauhitaji kitabu wala njiwa kueleza upendo unaowaka kwenda nje. Kamati ikishindwa kueleza kwa sentensi moja kwa nini masuke yapo, masuke hayana kazi.

Faida nyingine ya njia hii ni ya mfukoni. Nembo iliyosafishwa inaweza kukaa pamoja na ya zamani kwa mwaka mzima bila kumchanganya mtu, kwa hiyo bango la barabarani linasubiri hadi litakapochakaa lenyewe, na fulana zilizobaki stoo zinavaliwa hadi ziishe. Jina halijaguswa, usajili haujaguswa, benki haina habari.

Udhaifu wake ni mmoja lakini ni mzito. Kusafisha hakurekebishi kutoeleweka. Kama mtaani wanaamini mnawasaidia waumini wenu peke yao, kuunenepesha msalaba hakutabadilisha imani hiyo, hata mkipata mchoraji bora Dar es Salaam nzima.

Alama mbili: moja ya ibada, moja ya huduma

Mfano ulio karibu nasi ni Jeshi la Wokovu, kanisa linalofanya pia kazi za hisani. Lilianza mashariki mwa London mwaka 1865 kwa kazi ya William na Catherine Booth, likachukua jina lake la sasa mwaka 1878, na Kenya lipo tangu 1921. Lina nembo ya kale iliyojaa mafundisho: jua, msalaba, herufi S, panga mbili zilizopishana, nukta saba, taji, na maneno yanayosema Damu na Moto. Mwanajeshi wa kanisa hilo anaweza kukueleza kila kipande, kwa sababu kila kipande ni somo. Pamoja na hiyo, ipo ngao nyekundu yenye jina tu ndani yake. Ngao ndiyo inayokutana na mtu asiye muumini, kwenye kituo cha msaada wa maafa, kwenye hosteli, kwenye sanduku la kukusanyia nguo.

Naipenda hekima iliyomo hapo. Anayekuja na njaa hafikii kwanza kwenye mafundisho ya damu na moto, na hakuna aliyemdanganya pia, kwa sababu jina la jeshi limeandikwa wazi ndani ya ngao. Muumini naye hajanyang'anywa bendera yake.

Kwa dayosisi au jimbo lenye hospitali, shule na idara ya maendeleo, mpangilio huu unafaa sana. Ngao ya askofu ibaki kwenye vyeti vya ubatizo na barua za kichungaji. Idara ya maendeleo ipate alama nyepesi iliyotokana na ngao hiyohiyo, yaani msalaba uleule au rangi ileile, ili undugu uonekane. Taasisi ya Kiislamu yenye msikiti, madrasa na mfuko wa mayatima inaweza kufanya vivyo hivyo.

Kinachoiangusha njia hii ni nidhamu. Ofisi yenye wafanyakazi watatu haitakumbuka alama ipi inaenda wapi, na baada ya miezi michache mtakuta zote mbili kwenye kipeperushi kimoja zikigombania kona. Zinahitaji ukurasa mmoja wa maelekezo uliobandikwa ukutani pale kwenye kompyuta, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema hapana. Kama mtu huyo hayupo, bakini na alama moja.

Kuiondoa alama ya dini na kuweka alama ya kazi

Hapa ndipo mijadala inapochemka, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Hoja ya wanaotaka msalaba au hilali iondoke huwa ni kwamba inawafukuza wengine. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na historia ya Msalaba Mwekundu inaipa nguvu, ingawa lile si shirika la dini. Msalaba mwekundu kwenye nyeupe ulikubaliwa Geneva mwaka 1864, na mkataba wa 1906 ukaeleza kwamba ni rangi za bendera ya Uswisi zilizogeuzwa, kwa heshima ya nchi hiyo. Waliouchagua hawakuwa na nia ya dini. Lakini katika vita vya Urusi na Dola ya Osmania, 1876 hadi 1878, Waosmania walisema msalaba ule unawachukiza askari wao Waislamu, wakatumia hilali nyekundu. Hilali ikatambuliwa rasmi mwaka 1929. Mwaka 2005 ikaongezwa alama ya tatu, kristali nyekundu, isiyobeba maana ya dini, siasa wala taifa. Kwa hiyo leo Kenya, Tanzania na Uganda zina Msalaba Mwekundu, wakati Komoro na Somalia zina Hilali Nyekundu, na wote ni ndugu wa harakati moja. Nia ya waanzilishi haikumzuia askari kuona alichokiona. Kamati inayosema "sisi hatukukusudia hivyo" inajibu swali ambalo mtu aliye mlangoni hakuuliza.

Papo hapo niseme jambo la kisheria ambalo zahanati nyingi za misheni hazilijui. Msalaba mwekundu kwenye nyeupe, na hilali nyekundu vilevile, ni alama zinazolindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na watu binafsi au mashirika mengine hayaruhusiwi kuzitumia kama nembo. Kama nembo yenu ina msalaba na mnafanya kazi ya tiba, badilisheni rangi. Alama ya kimataifa ya huduma ya kwanza yenyewe ni msalaba mweupe kwenye kijani, na hiyo ina nafasi yake kwenye sanduku la dawa, si kwenye barua zenu.

Turudi kwenye hoja. Kuiondoa alama ya dini kuna bei yake, na bei hiyo huonekana baadaye. Alama zinazowekwa badala yake hufanana mno: mikono miwili imeshika jani, watu watatu wa rangi tofauti wamenyoosha mikono, tone la maji lenye moyo ndani. Ukiiweka kwenye bango pamoja na SACCOS, kampuni ya bima na mradi wa serikali, hakuna atakayekutambua. Zaidi ya hapo, Pwani na bara kwetu watu huuliza "hawa ni akina nani?" kabla ya kuuliza wanatoa nini. Shirika linalojulikana kuwa la kanisa, lakini kwenye nembo haionekani dalili yoyote ya kanisa, huzua shaka kuliko lile lenye msalaba mkubwa. Watu wanahisi kuna jambo linafichwa.

Angalieni Islamic Relief, iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1984 na Dkt. Hany El-Banna. Jina lake linataja Uislamu, na nembo yake ina minara miwili ya msikiti na dunia katikati yake. Haijifichi hata kidogo. Christian Aid ya Uingereza nayo, iliyozaliwa 1945 kuwasaidia wakimbizi wa vita Ulaya, imebaki na Ukristo kwenye jina tangu ilipolichukua mwaka 1964. Mashirika yote mawili yanawahudumia watu wasio wa dini yao, na heshima yao imetoka kwenye hiyo kazi.

Jambo hilo lina hata maandishi yake. Mwaka 1994 Shirikisho la Msalaba Mwekundu na mashirika makubwa ya misaada yalikubaliana kanuni za maadili kwa kazi za maafa. Kati ya waliozidhamini walikuwamo Caritas Internationalis, Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Duniani. Kanuni ya tatu inasema msaada hautatumika kuendeleza msimamo fulani wa kisiasa au wa kidini. Mashirika ya kanisa yaliikubali kanuni hiyo bila kuvua misalaba yao. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye jibu la sehemu kubwa ya ugomvi huu. Msalaba au hilali ieleze mnatoka wapi, na maneno yaliyo chini yake yaeleze nani anakaribishwa. "Huduma kwa kila mtu" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kibao cha mlangoni inafanya kazi ambayo hakuna mchoro wa mikono na majani utakaoweza. Ila isiandikwe kama si kweli. Kama karani wa mapokezi anauliza dhehebu kabla ya kuuliza shida, anzeni na karani.

Zipo hali mbili ambapo alama ya kazi ni chaguo sahihi. Ya kwanza ni pale kazi yenu ni moja na inaonekana: macho, maji, viungo bandia. CBM, shirika la Kikristo lililoanza mwaka 1908 kwa mchungaji Mjerumani Ernst Jakob Christoffel aliyekwenda kuwahudumia vipofu na mayatima, leo hujulikana zaidi kwa herufi zake tatu na kwa kazi ya ulemavu. Kazi imekuwa utambulisho. Ya pili ni usalama. Yako maeneo ambako alama ya dini kwenye mlango wa gari inaweka maisha ya dereva rehani, na hapo hakuna mjadala wa sanaa. Alama ya dini itoke kwenye gari, ibaki ofisini.

Kubadilisha jina lenyewe

Njia hii naiweka mwisho kwa sababu ndiyo ghali kuliko zote na ndiyo inayochaguliwa kwa pupa na bodi mpya.

Shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1938 kwa jina la China's Children Fund lilijiita Christian Children's Fund mwaka 1951, kisha ChildFund International mwaka 2009. Mabadiliko hayo mawili hayafanani. La kwanza lilikuja wakati kazi ilikwishatoka nje ya China, na jina la nchi moja halikuwa la kweli tena. La pili lilihusu namna ya kujitambulisha. Kamati ijiulize yake ni ya aina gani. Kama jina lenu linataja kijiji kimoja na sasa mko mikoa minne, mnayo sababu ya aina ya kwanza, na watu wataielewa mkiwaeleza kwa dakika moja. Sababu ya aina ya pili inahitaji miaka ya kueleza.

YMCA ya Marekani, chama cha vijana wa Kikristo, ilifanya kwa akili. Julai 2010 ilianza kujiita "the Y" kwa sababu watu walikwishaiita hivyo, na jina la kisheria likabaki. YMCA ya Kenya, iliyopo tangu 1910, haikulazimika kufuata. Mtu wa Nairobi bado anasema YMCA. Na shirika la Africa Muslims Agency, lililoanzishwa na daktari wa Kuwait Abdul Rahman Al-Sumait mwaka 1981, siku hizi linaitwa Direct Aid, lakini jina la zamani bado liko midomoni mwa watu wengi wa Afrika Mashariki, hasa waliosoma kwenye shule zake. Jina ni mali ya wanaolitamka, na hawalirudishi kwa sababu bodi imepitisha azimio.

Kikwazo kikubwa siku hizi ni simu. Mtu akituma sadaka kwa Paybill au Lipa Namba, kabla malipo hayajakamilika anaonyeshwa jina la mpokeaji. Bango lina jina jipya na nembo mpya ya kuvutia, simu inaonyesha jina la zamani. Wengi wataghairi hapohapo, na wana haki, maana matapeli wanaoiba nembo za mashirika na kuchangisha kwenye makundi ya WhatsApp wanafanana hivyo hivyo. Kwa hiyo jina la malipo libadilishwe kwanza, lijaribiwe kwa shilingi mia, ndipo bango lipande.

Halafu kuna makaratasi. Tanzania Bara, kama mna wadhamini waliosajiliwa, mtapita RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kama ni asasi isiyo ya kiserikali, kwa msajili wa asasi hizo. Kenya, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ya 2013 ilianza kutumika Mei 2024, kwa hiyo maswali ya jina yafuate utaratibu wake mpya. Mkitaka kuilinda nembo kama alama ya huduma mtaenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, au KIPI, taasisi ya mali miliki ya Kenya, na kumbukeni kwamba ulinzi wa Tanzania Bara haufiki Zanzibar. Kule kuna wakala wake wa usajili, BPRA. Halafu benki, mamlaka ya kodi, mikataba ya ajira, leseni za magari. Hakuna lisilowezekana hapo. Ila kila moja ni siku za mtu ambaye angekuwa anafanya kazi mliyoanzishwa kuifanya.

Mambo yanayoamuliwa njia yoyote mtakayochagua

Rangi kwetu si za mchoraji peke yake. Kijani na njano vikikaa pamoja Tanzania, ni CCM, hata kama mlimaanisha majani na jua. Zambarau mliyoichagua kwa sababu ya Kwaresima, kwa wengine ni chama cha ACT-Wazalendo. Kenya, chungwa liliingia kwenye siasa mwaka 2005, kura ya maoni ya katiba ilipokuwa na chungwa upande mmoja na ndizi upande wa pili, na chama cha ODM kikabaki nalo. Mwaka wa uchaguzi ukifika, vijana wenu wa kujitolea wakiwa na fulana za rangi hizo wakigawa unga, watu wataelewa jambo jingine kabisa, na hata usalama wao utayumba. Zipangeni rangi zenu pembeni ya bendera za vyama vyote kabla ya kupiga kura kwenye kamati. Kampuni za simu nazo zimechukua nyekundu na kijani za kila ukuta wa barabarani, ingawa hizo ni hatari ndogo.

Kwa taasisi za Kiislamu kuna jambo ambalo wachoraji wa nje hulikosea kila mara. Jina la Mwenyezi Mungu au aya ndani ya nembo ni pambo zuri kwenye cheti. Lakini nembo huenda pia kwenye mfuko wa tende wa futari, kwenye kiroba cha mchele, kwenye fulana, kwenye bahasha. Mfuko unaishia jalalani, fulana mtu anaingia nayo msalani. Baadhi ya waumini wataukataa mfuko, wengine watauhifadhi kwa dhiki kwa sababu hawajui wautupe wapi. Aya ikae kwenye vitu vya kudumu, na alama ya mifukoni iwe umbo tu: kuba, mnara, nyota. Wakristo wanaoandika mistari ya Biblia kwenye magunia wangefaa kulifikiria hilohilo.

Mtihani ninaoupenda kuliko hata wa muhuri ni wa kitambaa. Wanawake wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, wamevaa vitenge vya umoja wao kwa miaka mingi, na mashirika mengi huchapa khanga au kitenge cha jubilei. Khanga ina pindo, mji na jina. Je, alama yenu inaweza kurudiwarudiwa kwenye pindo ikapendeza? Inaweza kukaa peke yake katikati ya mji, kubwa, bila kuaibika? Kaulimbiu inasomeka kama jina la khanga, yaani ni maneno ambayo mwanamke angependa kuyavaa sokoni? Ngao yenye vitu saba hushindwa hapa vibaya. Msalaba wenye miali, mti mmoja, kuba moja, vinafaulu. Na kitenge kinachopendwa hutembea mtaani miaka, wakati kipeperushi hakimalizi wiki.

Kuhusu herufi, jambo la haraka: jaribuni fonti kwa kuandika "ng'ambo" na jina refu la shirika lote. Fonti nyingi za mapambo zina alama ya ritifaa (ile ya kwenye ng') iliyokaa vibaya. Kama mnaandika pia kwa herufi za Kiarabu, familia ya fonti za Noto ni ya bure na ina maandishi yote mawili yanayolingana.

Picha zinastahili maneno zaidi ya nembo, kwa sababu ndizo zinazobeba wajibu. Kanuni ya kumi kati ya zile za maadili za 1994 inataka waathirika waonyeshwe kama watu wenye utu, si vitu visivyo na matumaini. Nembo mpya ikiwekwa juu ya picha ya mtoto mwenye kamasi na inzi usoni, haijabadilika kitu. Muonyesheni mama akipima unga, fundi akijaribu mguu bandia anaoutengeneza, mwanafunzi akibishana na mwalimu wake. Ombeni ridhaa iliyoandikwa, ya mzazi kama ni mtoto. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na picha ya mtu anayetambulika inaingia humo. Mtu aliyekuja kuomba chakula ni vigumu kusema hapana kwa anayempa, kwa hiyo swali la picha liulizwe baada ya kuondoka na chakula chake, au siku nyingine kabisa.

Nani achague ipi

Kama mko chini ya wafanyakazi kumi na mtaani wanawajua, safisheni, mtumie fedha zilizobaki kwenye kibao cha mlangoni. Kama nyuma yenu kuna kanisa au taasisi kubwa na mna mtu wa kulinda matumizi, kuweni na alama mbili. Alama ya kazi peke yake ichaguliwe na wenye kazi moja ya wazi au wenye hatari ya kweli barabarani. Jina liguseni pale tu linaposema uongo kuhusu mahali mlipo au jambo mnalolifanya. Kamati ikigawanyika nusu kwa nusu, mpelekeeni michoro miwili mlinzi wa geti, mpishi na watu watano waliokuja kuhudumiwa siku hiyo, muwaulize hawa ni akina nani na wanamsaidia nani. Majibu yao yaandikwe kama yalivyosemwa na yasomwe kwenye kikao kabla ya mchoraji kujieleza.

Mkishaamua, daini mafaili ya mistari, yaani yanayokuzwa bila kuwa ukungu, ya SVG au PDF, pamoja na toleo la rangi moja, na haki ya kuitumia iandikwe kwenye mkataba kuwa ni ya shirika. Anzeni kubadilisha vitu vya fedha: stakabadhi, jina la malipo kwa simu, muhuri, barua. Kibao cha mlangoni kifuate. Magari na ukuta baadaye. Stakabadhi za zamani zilizobaki zihesabiwe na kufutwa kwa namba zake, na muhuri wa zamani ukatwe mbele ya wajumbe wawili, tarehe ikiandikwa kwenye muhtasari wa kikao, kwa sababu muhuri uliosahaulika kwenye droo hupata mtu wa kuutumia.